Matembezi ya Kuongozwa Gombe: Mwongozo Kamili kwa Anayepeleka Kundi

Kila kiangazi vikundi vinatoka Kigoma mjini kwenda kutembea Hifadhi ya Taifa ya Gombe: walimu, wanakwaya, wafanyakazi wa ofisi moja, vijana wa mtaa mmoja. Na kila kiangazi malalamiko ni yale yale. Mwongozaji alikimbia. Nusu ya kundi iliishia njiani. Sokwe walionekana kwa mbali, dakika mbili, basi. Boti ya kurudi iliondoka jua limezama na watu wakatapika hadi Kibirizi, bandari ya boti ya Kigoma.

Lawama karibu zote anabebeshwa mwongozaji. Hapo sikubaliani. Mwongozaji anaijua Gombe. Asichokijua ni nyinyi. Hajui nani ana pumu, nani hajapanda kilima tangu amalize shule, nani amefuata picha tu. Kazi ya kumjulisha ni ya mratibu wa kundi, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Mwongozo huu ni wa kundi la watu sita hadi kumi na wawili, wanaoanzia Kigoma mjini na kulala usiku mmoja au miwili Kasekela, makao makuu ya hifadhi.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kila mtu:

- Viatu vilivyofungwa vyenye meno chini, ambavyo mguu umeshavizoea. Buti za mtumba za sokoni zinafaa sana. Yeboyebo na kandambili ni za ufukweni.
- Suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu. Jinzi haifai: ikilowa haikauki, na inakwaruza mapaja.
- Soksi ndefu, za kuingizia miguu ya suruali.
- Maji lita tatu, kwenye chupa mbili au tatu badala ya moja.
- Barakoa mbili.
- Kofia, koti la mvua hata kama ni Agosti, na tochi.
- Kitambulisho cha NIDA. Bila hicho ni vigumu kuthibitisha kwamba unastahili kiingilio cha raia.
- Dawa zako mwenyewe, ziwe kwenye begi utakalopanda nalo. Za ziada zibaki kwenye mzigo wa boti.

Kwa kundi zima:

- Boksi la huduma ya kwanza: bandeji pana za kufungia kifundo, plasta, utepe wa plasta, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya maumivu, pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini).
- Ndoo mbili zenye mifuniko ya kukaza, za kuwekea chakula na simu ndani ya boti. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo msipange mambo kwa kuitegemea.
- Chandarua kwa kila anayelala kwenye hema, na dawa ya kufukuza mbu.
- Saa moja ya mkononi, ile ya kawaida isiyopokea mtandao. Sababu inakuja Hatua ya 6.
- Mfuko mgumu wa kurudishia taka zote mjini.

Chakula cha njiani kiwe kikavu na kisichochafua mikono: karanga, viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, mayai ya kuchemsha. Migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, muile jioni.

## Hatua ya 1: Chagueni lengo moja

Gombe ina mambo matatu yanayovuta watu: kuwafuata sokwe, kwenda maporomoko ya Kakombe, na kupanda hadi Kilele cha Jane. Vikundi vingi vinataka vyote kwa asubuhi moja, na hapo ndipo safari inapoharibika kabla ya kuanza.

Sababu ni hii. Sokwe hawana njia. Wakihama bonde, mnahama nao, mkipenya vichaka na kupanda kwa mikono. Kilele kina njia, lakini kinadai pumzi. Maporomoko ni matembezi mafupi chini ya miti, hata mtu wa umri mkubwa anayafika. Kundi lililokwisha kukimbizana na sokwe kwa saa tatu halina miguu ya kilele, na kundi lililotoka kileleni mchana halina tena hamu ya sokwe.

Andikeni lengo la kwanza, na la akiba. Kwa mfano: "Siku ya kwanza sokwe. Wasipopatikana kufikia saa tano, tunashuka Kakombe." Wenye siku mbili wapange sokwe siku moja na kilele siku ya pili.

Mmefaulu hatua hii ikiwa kila mtu, akiulizwa peke yake, anataja lengo lile lile.

## Hatua ya 2: Pangeni kulala, na mchague msimu kwa macho mawili

Gombe haina barabara ya kufikia. Unaingia kwa maji. Boti za abiria zinazohudumia vijiji vya kaskazini kwa kawaida zinaondoka Kibirizi mchana, na zinarudi mapema asubuhi ya siku inayofuata. Kwa hiyo anayetumia boti ya abiria hawezi kwenda na kurudi siku moja, apende asipende. Anayekodi boti anaweza, lakini atafika jua limeshapanda, atatembea saa za joto, kisha atarudi kwa haraka. Ukiniuliza mimi, safari ya siku moja ni kulipia kiingilio cha kutazama miti.

Kulala kuna faida nyingine kubwa. Kila jioni sokwe hujenga viota vipya mitini na kulala humo. Wafuatiliaji wakiwaona wanapolala, asubuhi wanajua pa kuanzia. Anayeamkia Kasekela anaanzia kwenye viota. Anayetoka mjini na boti asubuhi anaanzia kwenye uvumi.

Kuhusu msimu: Julai hadi Oktoba njia ni kavu na picha zinatoka vizuri. Miezi ya mvua sokwe hawatawanyiki sana, hivyo huenda wakawa karibu zaidi, ila mteremko unateleza na mito inajaa. Kundi la wanaoanza liende kiangazi.

Malizeni malipo yote ya hifadhi mkiwa bado mjini. Yanapitia namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, na si busara kutegemea mtandao wa simu chini ya miamba ya Gombe. Hakikisheni malipo yana ada ya mwongozaji pia, maana bila yeye hamruhusiwi kuingia msituni.

## Hatua ya 3: Wajueni watu wenu kabla msitu haujawajua

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu inaleta aibu. Ifanye kwa faragha, mtu mmoja mmoja, wiki moja kabla. Uliza mambo haya:

Una pumu, presha, kisukari, kifafa, goti au mgongo unaosumbua? Unatumia dawa gani, na unazitumia saa ngapi? Una mzio wa nyuki? Una ujauzito? Unaogopa maji au vimo? Mara ya mwisho kutembea saa mbili mfululizo ilikuwa lini?

Swali la mwisho lina uzito kuliko umri. Mama wa miaka hamsini na tano anayepanda mlima kwenda shambani kwake Kalinzi kila siku atamwacha kijana wa ofisini nyuma, tena akiimba.

Kisha kuna jambo la mafua. Sokwe ni ndugu wa karibu wa binadamu kiasi kwamba magonjwa yetu yanawaingia, na kinga ya mengi hawana. Mwaka 1966 ugonjwa unaofanana na polio uliwapooza baadhi ya sokwe wa Gombe, na wengine wakafa. Kikohozi kinachokupa wewe siku tatu za chai ya tangawizi kinaweza kuangamiza familia nzima ya sokwe. Hivyo mwenye mafua, kikohozi, homa au tumbo la kuendesha haendi kwa sokwe. Mwambieni mapema kwamba atabaki kambini, na kama inawezekana arudishiwe sehemu ya mchango wake. Nalitaja hilo la mchango kwa makusudi: mtu akijua fedha yake imepotea, atameza dawa ya kikohozi na kunyamaza.

Watoto waacheni nyumbani. Hifadhi ina umri wa chini kwa wanaokwenda kwa sokwe, na sheria hiyo haikutungwa kuwabana watu. Mwaka 2002 sokwe dume alimnyakua mtoto mchanga ndani ya hifadhi hii na kumuua. Sokwe huwinda kima kama mbega wekundu. Kiumbe mdogo anayelia mgongoni kwa mtu, sokwe hamwoni kama mnavyomwona nyinyi.

Mmefaulu hatua hii ukiwa na karatasi moja yenye majina, hali za afya na namba za ndugu wa kila mtu. Nakala moja ibaki mjini kwa mtu mwenye akili timamu.

## Hatua ya 4: Jaribuni miguu mjini

Kigoma haina uhaba wa miteremko. Jumamosi mbili kabla ya safari, pandeni kilima mkiwa na viatu vile vile, begi lile lile, maji yale yale. Saa mbili zinatosha.

Lengo ni kujua nani wa mwisho. Huyo ndiye atakayepanga mwendo wenu Gombe, kwa hiyo mnamhitaji kabla ya safari. Angalieni pia viatu: kinachochuna kisigino kwenye lami ya mtaa wa Mwanga kitatoa damu kwenye mawe ya Kakombe.

## Hatua ya 5: Ziwa

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na halina huruma kwa boti iliyojaa. Upepo wa kusini mashariki unavuma kwa nguvu miezi ya kiangazi, ile ile mnayosafiri.

Kabla ya kupanda, kila mtu avae jaketi okozi lake na kulifunga. Likiwa limekaliwa kama mto, halina kazi. Hesabuni majaketi, hesabuni watu. Hesabu zisipolingana, msipande. Anayetapika akae katikati kuelekea nyuma, atazame mbali ufukweni, na asiangalie simu. Nahodha akisema "tusubiri", subirini. Kumshinikiza nahodha kwa sababu mmeshalipa ni ujinga ambao Kibirizi wameuona mara nyingi.

Mkifika, kuna nyani wanaotembea ufukweni kama wenye mji. Chakula kisionekane mkononi, hema na milango vifungwe muda wote, na chakula mkile ndani. Nyani akikunyang'anya mkate, mwachie.

## Hatua ya 6: Kikao cha jioni na mwongozaji

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii. Dakika ishirini za jioni, mkiwa mmekaa, kabla ya chakula. Wengi wanakutana na mwongozaji asubuhi wakiwa wamesimama, begi mgongoni, na salamu ndiyo mazungumzo yote.

Mpe habari kwanza, kisha uliza. Kwa mfano:

"Kaka, habari za kazi. Tuko kumi. Wawili wana pumu, dawa wanazo mfukoni. Mzee wetu ana miaka hamsini na nane na goti lake la kushoto linamsumbua akishuka. Dada mmoja amebaki na mafua, hatakwenda kwa sokwe. Tunataka sokwe, wasipopatikana tutaridhika na Kakombe. Tungependa kurudi kambini saa saba."

Kwa maneno hayo machache umempa kazi anayoweza kuipanga. Sasa muulize: sokwe wanaelekea kulala wapi leo? Njia ya kwenda huko ina mpando wa aina gani? Mahali gani tunaweza kugeuka bila kulazimika kupita tena tulikopita? Mkiwa wengi, nani anaongoza kundi la pili? Una redio ya mawasiliano? Mtu akiumia juu, anashushwaje?

Swali hilo la mwisho watu wanaliogopa kama vile linaita balaa. Ulizeni. Mwongozaji mzuri atawajibu bila kusita, na atakayelikwepa atakuwa amewaambia jambo pia.

Kisha kubalianeni mambo matatu.

La kwanza ni ukubwa wa kundi. Wanaokaa na sokwe kwa wakati mmoja ni watu sita, na muda wao ni saa moja. Mkiwa kumi, gawaneni makundi mawili usiku huu, kwa kasi ya miguu. Msigawane kwa urafiki.

La pili ni nani mbele na nani nyuma. Mwongozaji mbele. Nyuma kabisa awe mtu wenu mwenye nguvu na subira, ambaye hatampita yeyote hata kwa dakika moja. Wa pili kutoka mbele, nyuma tu ya mwongozaji, ni yule wa mwisho mliyemgundua kwenye kilima cha mjini. Mwongozaji akigeuka anamwona yeye, na mwendo unajipanga wenyewe.

La tatu ni saa ya kugeuka. Hapa kuna hesabu. Wapanda milima wana kanuni ya zamani: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa juu wa Gombe unapita mita 1,500. Kilomita tatu za njia zenye mpando wa mita 700 zinatoa kama saa moja na dakika arobaini na tano, kwa mtu mzima mwenye mazoezi, kwenye hewa baridi. Nyinyi mko kundi, kwenye unyevu, na kuna kusimama. Zidisheni mara mbili. Mkiondoka saa moja asubuhi, saa tano mgeuke, popote mlipo. Hata kama sokwe wanasikika bonde la pili.

Sasa ile saa ya mkononi. Gombe iko karibu na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Nchi zote mbili hizo, kwa upande huo, ziko saa moja nyuma ya Tanzania. Simu ikidaka mtandao wa jirani inaweza kujibadilisha saa yenyewe, na kundi likaamini lina saa nzima ya ziada. Zimeni mpangilio wa saa wa kujiendesha, na mfuate saa ya mkononi.

Mmefaulu ikiwa mwongozaji amerudia mpango wenu kwa maneno yake mwenyewe na hakuna kilichobadilika.

## Hatua ya 7: Asubuhi

Kigoma jua linachomoza karibu saa moja na kuzama karibu saa moja jioni. Miteremko ya Gombe inatazama magharibi, ziwani, na ukingo uko mashariki. Maana yake asubuhi mnapanda kivulini, jua likiwa bado nyuma ya mlima. Kuanzia mchana jua linapiga mteremko moja kwa moja usoni. Kila dakika mnayochelewa kwa kutafuta chaja mnailipa kwa jasho saa sita.

Kuleni kitu kizito. Chai tupu haipandi mlima. Kila mtu anywe nusu lita kabla ya kuondoka. Kisha kagua: maji, barakoa, dawa, viatu vimefungwa, suruali ndani ya soksi. Hesabu watu kwa sauti, na kila mtu ajue namba yake. Njiani hutahesabu sura, utaita namba.

## Hatua ya 8: Mwendo wa kupanda

Dakika ishirini za kwanza ziwe za polepole hadi zichoshe akili. Mwili unachukua muda kuamka, na wanaoanza kwa mbio ndio wanaokaa chini wakiwa weupe midomo baada ya nusu saa. Kipimo ni mdomo: kila mtu aweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Akishindwa, mwendo ni mkali.

Simameni dakika tano kila baada ya dakika arobaini hivi. Na hapa kuna dhuluma ndogo inayofanyika katika kila kundi: wa mbele wanapumzika wakimsubiri wa nyuma, wa nyuma akifika wanasema "haya twende." Aliyehitaji kupumzika ndiye asiyepumzika. Dakika tano zihesabiwe kuanzia wa mwisho anapokaa.

Maji: mafunda machache kila robo saa, kama nusu lita kwa saa. Ukisubiri kiu, umechelewa. Anayeumwa kichwa, anayeacha kutoka jasho, au anayejibu maswali kwa kuchanganya, mketisheni kivulini, mlowesheni, mpeni ORS kidogo kidogo ikiwa anameza vizuri. Pakiti zikiisha, changanyeni lita moja ya maji salama na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akiendelea kuchanganyikiwa, matembezi yameisha. Mshusheni.

Vitu vitatu vya kuangalia njiani.

Upupu. Kiangazi maganda yake yamekauka na nywele zake zinaruka. Usishike mmea usioujua, na usitupie mkono kila mti ukiteleza. Ukikupata, usijikune wala kujipangusa. Bandika utepe wa plasta juu ya ngozi na kuubandua, nywele zitatoka nayo.

Siafu. Ukiona mstari mweusi unaovuka njia, ruka na uendelee kutembea. Kusimama kupiga picha ndiko kunakowapandisha.

Nyoka. Kanyaga panapoonekana, usiingize mkono kwenye shimo au nyuma ya gogo. Mtu akiumwa: atulie, kiungo kisitikisike, pete na saa vivuliwe kabla hapajavimba, apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni kwa njia ya haraka kuliko zote. Msikate, msinyonye, msikaze kamba. Msimuue nyoka ili kumpeleka kwa daktari.

## Hatua ya 9: Mbele ya sokwe

Mtawasikia kabla ya kuwaona: kelele zinazopanda taratibu hadi kuwa ukelele wa bonde zima. Hapo mwongozaji atainua mkono. Vaeni barakoa, acheni mabegi ya chakula atakapoelekeza, na simu ziwe kimya, taa ya picha imezimwa. Hakuna kula, kunywa wala kutema mate.

Kaeni pamoja, mkiwa chini au mmechuchumaa, umbali wa mita 10 angalau. Sokwe akisogea kwenu, rudini nyuma polepole au mpisheni njia. Msimzingire. Dume akianza kupiga kelele, manyoya yamesimama, akiburuta matawi, jambo la hatari kuliko yote ni kukimbia. Simameni karibu karibu, shikeni mti ulio imara, fuateni sauti ya mwongozaji. Mara nyingi anawaonyesha sokwe wenzake ubabe, nyinyi mko tu kwenye uwanja wake.

Na tafadhali: msimtie mwongozaji elfu kumi mkononi ili awasogeze. Mnamweka kwenye hatari ya kazi yake, na mnawafundisha wengine kwamba mita 10 zina bei.

Ushauri wangu wa ziada, ambao hakuna hifadhi inayolazimisha: dakika kumi za kwanza simu zibaki mfukoni. Mtaona mama akimtoa mwanawe chawa, vijana wakichokozana. Picha za simu ndani ya msitu wenye kivuli zinatoka giza hata hivyo.

## Hatua ya 10: Kushuka

Saa ya kugeuka ikifika, mratibu ndiye atamke. Usimwachie mwongozaji, kwa sababu yeye amelelewa kumridhisha mgeni na kundi litamshawishi.

Watu wanateguka zaidi wakishuka kuliko wakipanda. Magoti yamechoka, akili imeshafika kambini, na majani makavu yanateleza kama mafuta ya mawese. Kazeni kamba za viatu ili vidole visigonge mbele. Kateni hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea. Mwenye goti bovu apate fimbo imara, na mtu atangulie mbele yake. Acheni nafasi kati ya mtu na mtu, jiwe likiporomoka lisimkute wa chini.

Kifundo kikiteguka: msivue kiatu kama mtu bado anaweza kutembea kidogo, kazeni bandeji juu yake, gawaneni mzigo wake, mshuke. Asipoweza kukanyaga kabisa, au mfupa umepinda, kaeni hapo na mwongozaji aite msaada. Kundi lisigawanyike kwenda kutafuta njia ya mkato. Gombe ni nyembamba, na ukishuka daima utakuta ziwa, lakini kati yako na ziwa kuna makorongo ambayo hayashukiki.

Mmefaulu mkiwa kambini wote, namba zimeitwa, na kuna angalau chupa moja ya maji ambayo haijaguswa. Maji yakiisha kabisa mkiwa njiani, mlipima vibaya hata kama hakuna aliyeanguka.

## Wanaokwenda Mahale

Hatua ni zile zile, vipimo vinabadilika. Mahale iko kilomita 120 hivi kusini mwa Kigoma mjini, ina eneo la kilomita za mraba 1,613, na mlima wake Nkungwe unafika mita 2,462. Safari ya boti peke yake ni ya kupanga kama siku nzima. Nkungwe haupandwi na kushukwa asubuhi. Mnalala njiani, mnabeba hema, na mnakuwa na askari mwenye silaha, kwa sababu huko kuna chui na wanyama wakubwa wengine. Msiende Mahale kama Gombe iliwashinda. Nendeni Gombe tena.

## Mkirudi

Jioni ile ile, kabla watu hawajaanza kusahau, kaeni na mwongozaji mumuulize swali moja: "Ungekuwa wewe unatupanga, ungebadilisha nini?" Andikeni jibu lake kwenye karatasi ile ile ya majina. Mkiwa na bahashishi, mpeni sasa, hadharani, kwa jina la kundi zima, hata kama sokwe hawakuonekana. Amewalinda asubuhi nzima, na sokwe hawaajiriwi naye.

Taka zote zirudi mjini, pamoja na maganda ya ndizi na barakoa zilizotumika.

Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi. Waliotoka mbali kuja kwenye safari, hasa wa Arusha, Mbeya na nyanda nyingine za baridi, waambie hivi kabla hawajapanda treni au ndege: homa yoyote ndani ya mwezi mmoja, nenda ukapime siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu kwamba ulikuwa Kigoma.